Mtakatifu wa Zamu wa Quiebraolla

Coquimbo, 4 Mei 1954

Doña Zunilda Carvajal,
Tinajas, Rasi ya Quiebraolla

Mheshimiwa Doña Zunilda,

Kabla hujafika mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Barua hii usimsomee mtu, usimwonyeshe mtu, wala usiiache mezani chini ya chupa ya mafuta kama ulivyoiacha ile ya mdogo wako nilipokuwa kwako. Ukimaliza, itie jikoni iungue. Nina mama anayenitegemea, na ameshawaambia majirani wote kwamba mwanawe ana meza serikalini.

Ni mimi, Fermín Olavarría, karani wa Ofisi ya Ramani, niliyelala kwako mwezi Machi na kutapika supu yako ya samaki. Samahani tena kwa ile supu. Kosa lilikuwa la tumbo langu na la boti.

Unakumbuka nilitumwa kuieleza rasi yenu yote: mawe, njia, ghuba na makazi. Unakumbuka pia kanuni mpya, maana nilikusomea mwenyewe. Mahali penye kanisa lenye mtakatifu wake wa kudumu ni kijiji. Kijiji huandikwa kwenye ramani, na boti ya maji hutia nanga hapo. Pasipo na mtakatifu ni kambi ya wavuvi. Kambi haiandikwi, na boti hupita. Nami nilitembea rasi nzima bila kuona kisima hata kimoja.

Niliandika vijiji viwili: Tinajas upande wa kusini na Desengaño upande wa kaskazini, kila kimoja na kanisa lake na San Pedro wake, yaani sanamu ya Mtakatifu Petro. Ripoti ilikubaliwa. Jana picha nilizopiga kwenu zilirudi kutoka kusafishwa.

San Pedro wa Tinajas ameketi, ana funguo mkono wa kulia, na mkono wa kushoto hana kidole gumba. San Pedro wa Desengaño ameketi, ana funguo mkono wa kulia, na mkono wa kushoto hana kidole gumba. Wote wawili wana tone la nta gotini, lenye umbo la yai. Tofauti ni moja tu: yule wa Desengaño anachuruzika maji. Don Baudilio, aliyeniongoza njia, aliniambia kwamba hutoka jasho akiiona serikali, nami niliandika hivyo.

Tafadhali niambie wako wawili. Niambie walichongwa na fundi mmoja aliyekuwa msahaulifu wa vidole. Nitaamini.

Mtumishi wako mwenye hofu,
Fermín Olavarría Tapia


Tinajas, 12 Mei 1954

Don Fermincito, mwanangu,

Barua yako imekuja na boti ya maji, na nimefanya kama ulivyosema, nimefunga mlango. Ila watu walikuwa wameshaingia.

Hapa kwetu barua husomwa ufukweni, mapipa yakijazwa, tangu enzi za bibi yangu. Anayesoma peke yake watu hudhani kafiwa, wanaanza kuja na mikate. Kwa hiyo nimewasomea wote, na wote wameapa. Mama Eufrasia, yule kiziwi, aliomba nirudie ile sehemu ya siri, nikairudia kwa sauti. Walikuwepo na watu wa Desengaño waliokuja kuchukua chumvi, nao wameapa. Usiwe na wasiwasi, hakuna siri iliyowahi kutunzwa na watu wengi kama hii yako.

Sasa nikujibu. San Pedro ni mmoja, mwanangu. Alitoka baharini enzi za babu ya babu yangu. Watu wa Tinajas walimshika kichwa, wa Desengaño wakamshika miguu, na hakuna aliyekubali kuachia. Mpaka leo anakaa kwa zamu. Amechongwa ameketi, lakini kiti hakuja nacho, kwa hiyo kila kanisa lina kiti chake kinachomsubiri. Akienda kwao, wao wanatuachia mtu wa dhamana. Huyo mtu anakaa kwenye kiti cha San Pedro, tunamlisha vizuri, tunamwashia mshumaa, na mwenye shida anamweleza. Hatoki kanisani mpaka San Pedro arudi. Akiwa kwetu, na sisi tunawapelekea mtu wetu.

Uliporudi kwangu kuchukua begi, ulimkuta kanisani bwana mnene kitini anakula jibini ya mbuzi. Uliniuliza San Pedro yuko wapi, nikakwambia anaoshwa. Yule bwana ndiye dhamana, binamu yake Baudilio. Ulimwandika kama mlinzi wa kanisa, na yeye anajivunia mpaka leo.

Ulipopanda nyumbu kwenda Desengaño kwa njia ya juu, San Pedro alipanda mashua akazunguka ncha ya rasi, Pua ya Mjane. Alifika kabla yako. Alilowa kidogo, basi.

Hukusema uongo. Ulisema kila kijiji kina San Pedro wake wa kudumu. Anadumu zamu yake yote.

Halafu usile mkate huku unaandika. Barua imejaa mafuta, ilinibidi niishikilie juani ndipo isomeke.

Zunilda


Coquimbo, 20 Mei 1954

Mheshimiwa Doña Zunilda,

Nimesoma barua yako nikiwa nimeketi, kisha nikaisoma nimelala.

Kuna jambo jipya, na ni baya. Mkuu wa ofisi yetu, Don Clodomiro Urrutia, ameipenda ripoti yangu. Tangu nianze kumfanyia kazi hajawahi kupenda kitu. Anaisoma kwa sauti wageni wakija. Ameamua kuja mwenyewe siku ya sikukuu ya San Pedro, tarehe 29 Juni: asubuhi ibada Tinajas, alasiri ibada Desengaño. Anasema anataka kuliona jasho.

Nimejaribu kusema ukweli. Mara tatu nimesimama mlangoni kwake. Mara ya tatu aliinua macho.

"Karani, umekuja kuniambia nini?"

"Dirisha liko wazi, Don Clodomiro."

"Najua. Nimelifungua mimi."

Nikarudi mezani.

Nimeisoma kanuni upya. Mtakatifu wa zamu si mtakatifu wa kudumu. Hilo likijulikana, haitaondolewa Desengaño peke yake kwenye ramani. Vitaondolewa vijiji vyote viwili, na boti itapita mbali ikiwaacha na mapipa matupu. Mimi nitafukuzwa, hilo ni dogo, ingawa mama yangu hataliona dogo. Lakini ninyi mtakunywa nini?

Nipeni shauri. Na kama haiwezekani barua hii isomwe na mtu mmoja, basi isomwe na wachache.

Fermín Olavarría Tapia


Desengaño, 29 Mei 1954

Karani,

Hujaniandikia mimi, lakini nilikuwepo Tinajas barua yako inasomwa. Zunilda anasoma kama anafukuza kuku, ila tulielewa.

Acha kutetemeka. Mkuu wako atapita njia ya juu kwa nyumbu kama ulivyopita wewe, na San Pedro atapita baharini kama alivyopita. Mimi ndiye nitakayemwongoza. Nitamchelewesha kwa mawe.

Hapo kwenye mawe lazima nikwambie kitu, maana nasikia mmeyaandika kwenye ramani. Yale mawe hayakuwa na majina, bwana. Nani ana muda wa kulitungia jiwe jina? Mashua ilikuwa haijazunguka Pua ya Mjane na wewe ulikuwa unataka kufika, basi kila ulipoinua kichwa nikakuonyesha jiwe. Askofu Akohoaye nilimtunga papo hapo. Mama Mkwe pia, ingawa ukimtazama kwa upande anafanana kweli na wangu. Nilipoishiwa nikageuka, nikakuona umeinama juu ya nyumbu kama suruali iliyoanikwa. Nikasema, na lile pale ni Karani Mchovu. Ukaniuliza karani gani. Nikakwambia wa enzi za Wahispania. Ukasema "maskini" na ukaandika.

Jambo la pili. Dhamana safari hii utakuwa wewe. Binamu yangu Tinajas wamemkataa, wanasema jibini haitoshi. Dhamana lazima awe mtu ambaye kijiji kingeumia kumpoteza, na wewe ndiye uliyeliandika jina letu. Zunilda amekubali, japo anasema unatapika. Asubuhi ile utamwambia mkuu wako tumbo limekukamata, utabaki. Hilo hutahitaji kujifunza.

Baudilio Pizarro


Coquimbo, 15 Juni 1954

Mheshimiwa Doña Zunilda,

Naandika kwa haraka. Don Clodomiro amejiandaa. Anaogopa bahari, kwa hiyo tutakuja kwa lori la mgodi hadi shingo ya rasi, kisha kwa nyumbu mpaka kwenu. Anaogopa pia baridi. Dada yake amemfumia skafu nyekundu.

Nimewauliza mabaharia hapa bandarini, bila kutaja jina lolote. Wanasema mwishoni mwa Juni ndipo upepo wa kaskazini huvuma, na ukivuma hakuna mashua inayoweza kuzunguka Pua ya Mjane, seuze mashua ndogo iliyobeba mtakatifu. Mmelifikiria hilo?

Fermín


Tinajas, 22 Juni 1954

Mwanangu,

Hatukulifikiria. Karibu. Lete sukari.

Zunilda


Coquimbo, 6 Julai 1954

Karani F. Olavarría,
Kanisani, Tinajas

Karani Olavarría,

Natumaini tumbo limetulia. Nilikuacha asubuhi ile umejikunja kwenye kiti kando ya madhabahu, na Doña Zunilda akinihakikishia kwamba hapo ndipo wagonjwa hukaa. Kwa kuwa hukuja nasi, ni vyema ujue yaliyotokea.

Baada ya ibada ya Tinajas niliombwa nisubiri chai. Nilisubiri chai, kisha supu, kisha chai nyingine. Upepo wa kaskazini ulikuwa ukivuma kiasi cha kung'oa kofia. Niliona wanaume ufukweni wakitazama bahari, kisha wakitazamana. Mwishowe nikasema tuondoke, na nikapanda nyumbu mwenyewe. Don Baudilio alinikimbilia akiwa bado anafunga mkanda.

Chini ya lile jiwe la Mama Mkwe tulimfikia mzee mmoja aliyetutangulia, juu ya nyumbu wa polepole sana. Alikuwa amevaa blanketi la poncho hadi miguuni na kofia hadi puani, ameketi upande kama bibi, na amefungwa kwa kamba kwenye tandiko. Wanaume wanne walimshikilia.

"Huyu ni nani?" niliuliza.

"Babu yetu, Don Clodomiro," akasema Baudilio. "Anarudi nyumbani Desengaño kwa sikukuu."

"Mbona amefungwa?"

"Mgongo. Haukunjuki."

"Tangu lini?"

"Hatukumbuki amewahi kuwa vinginevyo."

Njia ni nyembamba, lakini nilimsogelea nikaenda naye sambamba. Unajua kwamba ofisini sina wa kuzungumza naye. Nilimweleza habari za marehemu mke wangu. Nilimweleza ugomvi wangu na wizara. Nilimweleza kwamba nilitaka kuwa baharia, na kwamba mara ya kwanza niliyopanda mashua niliomba nishushwe kabla kamba haijafunguliwa. Hakunikatiza hata mara moja. Serikalini simjui mtu mwenye adabu hiyo.

Kwenye mteremko wa Askofu Akohoaye nyumbu wake aliteleza, mzee akalala upande mzima. Wale wanaume wanne walipiga kelele kwa pamoja, "San Pedro." Nilifurahi kuona watu ambao katika hatari humkimbilia mtakatifu wao kwanza. Mimi nilimdaka mzee kwa mkono. Alikuwa mzito kuliko umri wake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mgumu, na baridi kama mlango. Nikavua skafu yangu nyekundu nikamvisha shingoni.

"Asante sana, Don Clodomiro," akasema Baudilio. "Babu amefurahi."

"Amekwambia?"

"Ananiambia kwa macho."

Tulipofika Desengaño mzee alichukuliwa haraka akapumzike. Mlango wa kanisa ulikuwa umefungwa, na ufunguo, niliambiwa, ulikuwa umeanguka baharini, kisha ukapatikana. Nikaingia.

Mtakatifu alikuwa kwenye kiti chake. Alikuwa na funguo mkono wa kulia. Shingoni alikuwa na skafu nyekundu. Ni ya dada yangu bila shaka. Yeye hufuma upande mmoja ukawa mfupi kuliko mwingine.

Nilisimama. Desengaño nzima ilisimama nyuma yangu. Hakuna aliyesogeza mguu. Don Baudilio alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Mwanamke mmoja alianza kusali kwa sauti ndogo, na ile haikuwa sala ya sikukuu. Ilikuwa sala ya kuomba mvua. Nje mapipa yao yalikuwa yamepangwa mlangoni, yamesuguliwa, yakisubiri boti.

Nilipiga magoti. Nilihitaji muda wa kufikiri, na magotini ndipo mahali pekee ambapo mkuu wa ofisi haulizwi swali.

Kwa kumbukumbu za ofisi, naandika hivi. Yule mzee mnyenyekevu, mara tu alipofika, alikwenda kumpa mtakatifu wake zawadi pekee aliyopewa siku ile. Nimeguswa sana. Hayo ndiyo yatakayobaki kwenye faili, na kwa amri yangu faili limefungwa.

Tinajas na Desengaño zitabaki kwenye ramani, ambayo imeshakwenda kuchapwa pamoja na mawe yake yote. Boti ya maji itatia nanga pande zote mbili.

Wewe hutarudi mezani kwako. Mtu anayesimama mlangoni kwangu mara tatu kuniambia habari za dirisha hafai makao makuu. Sura yake inasomeka toka ng'ambo ya barabara. Nimekuteua mwakilishi wa ofisi katika Rasi ya Quiebraolla, makazi yako yawe Tinajas na Desengaño, kwa zamu. Mshahara utapelekwa kwa mama yako kama kawaida. Nilikwenda kumweleza mwenyewe. Nilihofia atalia, lakini alifungua dirisha akamwita jirani, akamwambia kwamba zamani mwanawe alikuwa na meza, sasa ana rasi nzima.

Nitakuja tena Juni ijayo. Sina mtu mwingine wa kuzungumza naye kama yule mzee. Niandikie namna ya kukufikia, maana ramani yetu nimeiona na simwamini aliyeichora. Usinipitishe baharini.

Mwambie mzee skafu ni yake. Na asipande nyumbu tena mpaka nije. Ameshapoteza kidole gumba kimoja, na kikianguka cha pili sitakuwa na la kumwambia askofu.

C. Urrutia
Mkuu wa Ofisi


Tinajas, 24 Julai 1954

Mheshimiwa Don Clodomiro,

Barua yako imesomwa ufukweni. Mimi sikuruhusiwa kutoka kanisani, kwa hiyo niliisikia kwa mbali, na upepo ulichukua baadhi ya maneno. Nilisikia "hutarudi mezani kwako," kisha sikusikia kitu kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeshaanza kumwandikia mama kichwani mwangu niliposikia watu wakicheka, kisha wakilia, kisha Doña Zunilda akaja mbio na barua mkononi.

"Inuka kitini, mwanangu," akasema. "Hapana, usiinuke, San Pedro bado hajarudi. Furahi hapo hapo ulipo."

Niko hapo hapo nilipo. Desengaño wanasema upepo bado mbaya. Tinajas wanasema upepo umetulia tangu wiki iliyopita na kwamba Baudilio anasingizia. Ninalishwa vizuri na sijatapika. Watu huja na shida zao, nami sikujua la kuwajibu, mpaka Mama Eufrasia alipokuja kumlilia mbuzi wake aliyepotea. Nilikuwa nimemwona mbuzi huyo asubuhi akipita mlangoni, nikamwonyesha njia. Tangu hapo kuna foleni. Nimejaribu kueleza. Hawataki maelezo.

Salamu zako nimemfikishia mzee kupitia Don Baudilio. Anasema babu amefurahi, na kwamba Juni atakusubiri kwa hamu, akiwa ameketi.

Namna ya kunifikia ni hii. Shuka lori kwenye shingo ya rasi, pale barabara ya mgodi inapokata kuelekea mjini. Usifuate nguzo za mpaka wa ofisi, zilisimikwa na karani aliyekuwa na kizunguzungu, na karani huyo ni mimi. Fuata kinyesi cha mbuzi juu ya kilima cha Mgongo wa Punda, uso ukielekea baharini, hadi jiwe lililoinama kama suruali iliyoanikwa. Hilo ni Karani Mchovu. Keti hapo, siku hizi kila mtu huketi hapo, na akina mama wa Desengaño huwaambia watoto wao kwamba alikuwa mtu mwema wa enzi za Wahispania. Nimeacha kuwasahihisha.

Hapo njia inagawanyika. Kushoto unashuka kwa Mama Mkwe hadi Tinajas; usipite chini yake upepo ukivuma, hudondosha kokoto. Kulia unashuka kwa Askofu Akohoaye hadi Desengaño. Yeye utamsikia kabla hujamwona, kwa sababu kumbe kweli anakohoa. Jiwe lina ufa, na upepo hupita humo. Don Baudilio aliposikia hilo alipanda mwenyewe kwenda kumsikiliza.

Chagua njia yoyote na uingie kanisani. Ukimkuta mtakatifu kitini, mimi niko kijiji cha pili. Ukinikuta mimi, yeye ndiye aliye huko, na skafu anayo.

Kabla ya hapo unaweza kuniandikia kwa boti ya maji. Ikiwa ni jambo la siri, tafadhali liandike kwa herufi kubwa. Macho ya Doña Zunilda yameanza kuchoka, na watu wa nyuma wanalalamika kwamba anarukaruka mistari.

Mtumishi wako,
Fermín Olavarría Tapia
Kitini, Tinajas, hadi upepo utulie